Bosi anasema nisaini, yeye ndio atajibu. Nikatae vipi bila kumkosea heshima?

Anko habari yako,

Nimesoma safu yako muda mrefu kimya kimya na sikudhani ntakuja kuandika, lakini sai hakuna mtu ofisini naeza mwambia hii maneno bila ifike kwa mwenyewe kabla ya chai ya saa nne.

Mimi ni ofisa wa ICT kwa ofisi moja ya serikali hapa Nairobi, usiniulize gani. Nilikaa kwa kandarasi miaka na miaka, ndio majuzi nikapewa pamanenti na pensheni, na aliyenisimamia hadi nikapata ni HOD wetu, yaani mkuu wa idara. Huyu mzee ni mtu wa kwetu, anajulikana na mamangu, na baba alipofariki ni yeye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi, akachangisha ofisini mpaka bili ya mochari ikaisha. Nakuambia hivi ndio ujue simuongelei mtu mbaya.

Sasa ofisi iliagiza kompyuta 80. Nikaandikiwa barua niwe kwa kamati ya ukaguzi na upokeaji, tuko watatu, mwenyekiti ni wa utawala, mwingine ni wa uhasibu, na mimi ndio wa upande wa kiufundi. Sapulaya akaleta 50. Nikazifungua moja moja, nikapata 15 ziko na RAM (memori ya mashine) ya GB 8 na LPO, ile oda ya ununuzi, inasema 16. Zile 30 hazijaletwa hadi leo, ukiuliza leo utaambiwa ziko bandarini, ukiuliza kesho ziko godauni Industrial Area, na ukiuliza tena unaangaliwa vibaya.

Cheti cha ukaguzi kimeandikwa tayari, kinasema kompyuta 80 zimepokelewa na ziko sawa. Wale wawili wamesaini. Imebaki mimi. HOD (bado anakaimu hicho cheo, hajathibitishwa) alinipigia akaniambia mwaka wa fedha unafunga tarehe 30 Juni, hizo pesa zisipolipwa zinarudi Treasury na sisi tutaonekana hatujui kazi, sapulaya ameahidi kumaliza mwezi wa saba, kwa hivyo nisaini tu. Nikamwambia lakini mzee hazijafika. Akasema, "binti yangu, hii kitu imetoka juu, na mimi ndio mkubwa wako, kukiwa na swali mimi ndio nitajibu, wewe fuata maagizo." Kila kitu ni kwa simu, hajaandika popote. Na yule mwenyekiti wa kamati anapitia kwa dawati yangu kila saa akiuliza kwani nangoja nini, sahihi yangu ni ya kukamilisha tu.

Anko mimi niko na loan ya sacco, niko na mtoto anaenda gredi ya nne, na nimeona watu wakibishana na wakubwa wakipewa transfa ya mbali ama shokozi (barua ya kujieleza) kwa sababu ya kuchelewa dakika kumi. Mama amesema nisimwaibishe mzee. Maswali yangu ni haya, kama mkubwa ameniamuru na nikatii, si lawama ni yake? Na kama siwezi saini, naanzaje kumwambia mtu amenisaidia hivyo kwamba sitaki?

Msaini wa Tatu, Umoja

*

Msaini wa Tatu,

Afadhali umeandika kabla ya kusaini. Barua za aina hii huwa zinanifikia maodita wakishapita, mtu anataka nimfundishe cha kusema, na hapo mimi huwa sina la maana la kumwambia.

Swali lako la kwanza jibu ni hapana. Lawama haitakuwa yake peke yake, na kuna uwezekano mkubwa itakuwa yako zaidi kuliko yake, manake yeye hajaandika kitu na wewe unaombwa uandike. Nimefanya kazi kwa hizi ofisi za serikali hadi nikastaafu na hilo neno "mimi ndio nitajibu" nimelisikia kwa wakubwa wengi, wengine wakiwa wanalimaanisha kabisa kutoka moyoni, lakini odita akifika haulizi nani aliahidi kujibu, anaomba cheti na anasoma majina. Mamlaka serikalini yanaweza kupitishwa kutoka kwa huyu hadi kwa yule, ndio maana hata kuna kukaimu, ila sahihi ikishatoka mkononi mwako hakuna utaratibu wa kumkaimisha mtu akuwajibikie.

Na hii si mawazo yangu. Kifungu cha 226 cha Katiba kinasema mtu aliye na ofisi ya umma akiagiza ama akiidhinisha pesa za umma zitumike kinyume cha sheria, hasara ni yake na atailipa, hata kama ameshatoka kwa hio ofisi. Ona vile wameweka aliyeagiza na aliyeidhinisha pamoja. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 202, inaongeza kwamba ofisa wa umma anabeba mwenyewe hasara iliyotokana na ulaghai, ufisadi ama uzembe wake, na kusema kompyuta ziko wakati unajua haziko hata uzembe ni jina la heshima. Halafu kuna ile sheria ya ufisadi na uhalifu wa kiuchumi ya 2003, kifungu cha 45, imetaja waziwazi kulipia bidhaa ambazo hazijaletwa, ama zimeletwa nusu, ama ni duni. Yaani ni kama waliandika wakiwa wameiona hio stoo yenu. Adhabu inafika miaka 10 ama faini ya milioni moja ama zote mbili, na juu yake kuna faini ingine inayopigwa mara mbili ya hasara. Lakini kabla hata ya hukumu, siku umeshtakiwa tu unasimamishwa kazi kwa nusu mshahara, na sacco haitakata nusu ya loan.

Sasa hilo neno "juu". Juu ni nani? Kwa miaka yote sijawahi kuona faili iko na sahihi ya mtu anaitwa Juu. Kuna akaunting ofisa, ambaye kwa wizara ni Katibu na kwa kaunti ni afisa mkuu wa idara, na sheria ya ununuzi ya 2015 imemwekea yeye jukumu la ununuzi wote wa ofisi yake. Chini yake kuna wenye AIE (idhini ya kutumia pesa), kuna mkuu wa prokyuamenti (ununuzi), kuna nyinyi wa kamati. Kila mmoja ana jina, cheo na karatasi. Mtu akikuambia imetoka juu bila kutaja nani, mara nyingi amebuni ndio usiulize zaidi, na kama kweli kuna mkubwa alisema, basi huyo mkubwa hatakuwa na shida kuandika laini mbili.

Hapa ndio nataka tukae kidogo, kwa sababu naona umeshikwa na kitu kimoja ambacho kinashika maofisa wengi. Wewe unaona ngazi moja tu, HOD yuko juu yako na wewe uko chini, basi. Na ni kweli kwa mambo ya likizo, ya zamu, ya kwenda kurekebisha printa ya ghorofa ya tano, huyo ni mkubwa wako na umtii bila kelele. Lakini kwa hio kamati haukuwekwa na HOD. Toa ile barua yako ya uteuzi uisome, uangalie imesainiwa na nani ama kwa niaba ya nani. Kifungu cha 48 cha hio sheria ya ununuzi kinasema kamati ya ukaguzi na upokeaji inateuliwa na akaunting ofisa, kwa mapendekezo ya mkuu wa prokyuamenti, na kazi yake ni kukagua, kupima ikibidi, kuhakikisha idadi ni sahihi, na kukubali AMA KUKATAA. Kukataa ni sehemu ya kazi umepewa. Kwa hicho cheti HOD si mkubwa wako, mnaemfanyia hio kazi ni akaunting ofisa, na HOD akikuelekeza cha kuandika anaingilia mamlaka ambayo hata si yake. Serikali iliweka hizi kamati pembeni ya ngazi ya kawaida makusudi, manake walijua mdogo ataogopa mkubwa, wakaona afadhali siku hio mdogo awe na barua ya mtu mwingine mfukoni.

Na huyo mwenyekiti anasema sahihi yako ni ya kukamilisha tu, hebu fikiria. Wewe ndio mtu wa ICT. Mtu wa utawala na mtu wa uhasibu wakiulizwa kwa nini walikubali mashine za GB 8, watasema nini? Watasema sisi hatujui RAM, tulimtegemea mtaalamu wetu, na sahihi yake hii hapa. Sahihi yako ndio inafunika zao. Ndio maana anapitia kwa dawati yako kila saa, hangekuwa anachoka viatu kwa kitu ya kukamilisha tu.

Lakini pia tumwelewe huyu mzee, manake sidhani lazima awe amekula. Hio presha ya Juni ni ya ukweli. Pesa ambazo hazijatumika mwaka ukifunga ofisi haikai nazo, na mwaka unaofuata mkiomba mnaulizwa mbona hamkumaliza za kwanza. Yeye anakaimu, anataka cheo kithibitishwe, na idara ikionekana imeshindwa kutumia bajeti ni yeye anaitwa kwa mkutano kukaangwa mbele ya wenzake. Ako na shida halisi, ila dawa anayotaka ni mbaya. Kwa hivyo usiende kwake na hapana tupu. Mpelekee njia ya kutokea.

Njia yenyewe ni hii, saini kile kiko. Mashine 50 zimeletwa, 35 zimetimiza LPO, 15 hazijatimiza. Cheti kiandikwe upya, zimepokelewa 35, zimekataliwa 15 na sababu imetajwa, hazijaletwa 30. Za 35 zikilipwa kabla ya tarehe 30 tayari ameshatumia sehemu nzuri ya hio bajeti na hakuna mtu ameiba. Zile zilizobaki watu wa prokyuamenti wanajua namna ya kuomba mkataba uongezewe muda kabla haujaisha, na pesa yake itafutiwe bajeti ya mwaka unaoanza Julai. Inaudhi, ni makaratasi mengi, sapulaya atalia, lakini sapulaya ndio amechelewa si nyinyi. Na kama kweli zile 30 ziko Industrial Area si alete basi, kutoka huko hadi tao ni safari ya asubuhi moja hata na jam.

Andika memo. Kwa ofisi yenu najua mtaandikiana kwa Kizungu, wewe utageuza, lakini mimi ningeiweka hivi, fupi bila hasira:

"Kwa Kaimu Mkuu wa Idara. Narejelea mazungumzo yetu ya simu kuhusu cheti cha ukaguzi wa kompyuta 80. Kwa mujibu wa ukaguzi wangu, zimefika 50, na kati yake 15 hazijatimiza maelezo ya LPO kama orodha niliyoambatisha inavyoonyesha. Kwa sababu hiyo siwezi kuthibitisha kupokelewa kwa 80. Napendekeza kamati itoe cheti cha 35 ili malipo yaendelee kabla ya mwaka wa fedha kufungwa. Iwapo kuna maagizo tofauti, naomba niyapate kwa maandishi. Nakala kwa mwenyekiti wa kamati na mkuu wa prokyuamenti."

Hio sentensi ya "naomba niyapate kwa maandishi" ndio dawa yote. Umemheshimu, haujamwita mwizi, haujakataa maagizo, umeomba tu yawe na mwenyewe. Nimeona amri nyingi za simu zikiyeyuka mara tu zikiombwa kwa karatasi, na bosi mwenyewe anarudi akisema aah, hata mimi nilikuwa nataka tufanye hivyo. Orodha unayoambatisha iwe na seriali namba ya kila mashine na RAM yake, na tarehe ulikagua. Hakuna mtu hubishana na seriali namba.

Usitume kwa WhatsApp pekee. Ipitishe rejista, ipewe folio (namba yake kwa faili), kopi yako igongwe muhuri wa kupokelewa na uende nayo nyumbani. Kuongea na mzee ana kwa ana kwanza ni vizuri, tena ni adabu, ila karatasi ifuate siku hio hio.

Na asipotaka? Akirudi kwa maandishi akisema saini 80, hapo ameshuka mwenyewe, unaipeleka kwa akaunting ofisa kwa sababu ndiye aliyekuteua, na kopi kwa odita wa ndani. Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012 inataka ofisa akiona ameagizwa kitu kisichofaa aripoti, kwa hivyo huko si kuchongea, unafanya kazi yako. Wakileta cheti kile kile cha zamani na kukulazimisha mezani, andika chini ya jina lako kwamba haukubaliani na kwa nini. Ikifika kiwango cha vitisho EACC, tume ya kupambana na ufisadi, pale Integrity Centre wako na njia ya kuripoti kwa mtandao bila kutaja jina, lakini mimi singeanzia huko kabla ya kupitia ngazi za ndani, isipokuwa ukigundua akaunting ofisa mwenyewe ndio huyo Juu.

Kuhusu kuogopa kupoteza kazi sitakudanganya. Katiba kifungu cha 236 inasema ofisa wa umma hawezi kuonewa kwa kufanya kazi yake kulingana na sheria, wala kufutwa ama kushushwa cheo bila utaratibu, na sheria ya ajira ya 2007 inataka usikilizwe kabla ya kufutwa na uje na mwenzako ama mtu wa chama. Ukipewa shokozi unajibu, ukionewa kuna rufaa Tume ya Utumishi wa Umma, kuna mahakama ya kazi. Hizo ni haki za kweli. Lakini transfa ya mbali huwa haiandikwi "adhabu", huandikwa "kwa mahitaji ya utumishi", na hio inaweza kukupata. Wale wa umri wangu tunamkumbuka David Munyakei, karani wa Benki Kuu aliyetoa karatasi za Goldenberg, ile kashfa ya pesa za umma, mwanzo wa miaka ya 90. Alikamatwa, akashtakiwa, kesi haikusimama lakini kazi hakurudishiwa, na alikufa 2006 akiwa maskini. Simtaji kukutisha, nataka uone tofauti. Yeye alilazimika kutoa siri nje kwa sababu ndani hakukuwa na mlango, na Katiba ya 2010 haikuwepo. Wewe hauombwi kufichua kitu. Unaombwa kuandika ukweli kwa fomu ambayo ni kazi yako kuijaza. Kwa hivyo tafadhali usiende kumwaga hizo karatasi Facebook ama kwa magrupu ya WhatsApp, utakuwa umetoka mahali sheria inakukinga ukaingia mahali itabidi ujitetee.

Wale wawili walisaini waambie kabla ya kupeleka memo, wasiipate kwa korido. Yule wa uhasibu hasa naona anaeza badilisha, manake hao ndio wa kwanza kuitwa maswali yakianza, na cheti kikiandikwa upya cha zamani kinafutwa na kila mtu amepata nafuu. Mwenyekiti sijui. Anaweza nuna, na akinuna mwache anune, hio ni haki yake pia.

Sasa mzee na mama. Kwa mazishi ya baba alikusimamia kama mtu wa nyumbani na hilo deni ni la kweli, lilipe vile watu wa nyumbani hulipana, akifiwa uwe wa kwanza kufika, binti yake akiolewa uchange mpaka usikie uchungu. Hizo kompyuta si mali yako wala yake, huwezi kumlipa nazo. Na hata hio ajira, alikusimamia sawa, lakini kazi ulipewa na serikali na mshahara unatoka kwa watu ambao hawajui wewe ni wa wapi. Mama mwambie hivi, mzee ataaibika zaidi akiitwa na EACC kuliko akipewa memo na binti anayemheshimu. Tena kama mimi ningekuwa yeye ningekushukuru, si leo, leo ningekasirika, lakini odita akikuja mwezi wa kumi kuhesabu mashine apate ziko 35 na karatasi inasema 35, mzee atakuangalia na macho mengine.

Nenda kwake asubuhi kabla hajapokea simu za hao wa Juu, funga mlango, mwambie kwa upole, kisha mwachie memo. Ukishaiandika nitumie kwanza ukiwa umefuta majina, niisome usiku huo huo, nikutolee maneno ya hasira kama yamebaki.

Anko